Sura Iko Kwenye Bango, Uamuzi Uko Jikoni: Moana, Simba na hesabu ya uwakilishi

Filamu mpya ya Disney ya Moana, hadithi ya binti wa mkuu wa kisiwa cha Pasifiki, safari hii yenye watu badala ya katuni, imepangiwa Julai 2026, na ubishi wa uwakilishi umerudi kabla tiketi hazijaanza kuuzwa. Watu wanahesabu vichwa. Binti ni Catherine Laga'aia, Mwaustralia mwenye asili ya Samoa. Maui, shujaa nusu mungu wa masimulizi ya visiwa hivyo, ni Dwayne Johnson yuleyule, ambaye mama yake ni Msamoa. Mwongozaji ni Thomas Kail, Mmarekani aliyejijengea jina kwenye tamthilia za Broadway. Auli'i Cravalho, aliyempa Moana sauti mwaka 2016 akiwa bado msichana mdogo wa Hawaii, hakutaka kurudia nafasi hiyo na amebaki kuwa mmoja wa watayarishaji. Kambi moja inajumlisha na kusema hesabu imekaa sawa, nyingine inatoa na kusema bado kuna deni. Zote mbili zinasoma bango tu.

Hoja ya makala haya ni kwamba bango ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Katika filamu za familia za aina hii, hasa za katuni, sura ya mhusika inaweza kupatikana kwa uamuzi wa mkutano mmoja. Kinachoonesha kama watu fulani wamewakilishwa kweli ni mambo matatu yasiyoonekana barabarani: nani alikuwa na uwezo wa kusema "hapana, hili halipiti", aliisema katika hatua gani ya kazi, na kama uwezo wake uliandikwa mahali au ulitegemea hisani ya wenye studio. Moana ya 2016 ni mfano mzuri kwa sababu ilifaulu na kukwama kwa wakati mmoja, ndani ya mwaka uleule. Simba wa The Lion King ni mfano wa pili, na huo unatuhusu wasemaji wa Kiswahili kuliko tunavyopenda kukiri.

Tuanze na namna kazi yenyewe inavyofanyika, maana mabishano mengi yanatokana na kutoijua. Katika filamu ya kamera mwigizaji huja na mengi ambayo hayakuandikwa popote: nywele zake, namna anavyokaa mkekani, anavyoitika akiitwa na mkubwa. Mwongozaji asiyejua kitu anaweza kuokolewa na mwigizaji anayejua. Katuni haina bahati hiyo. Kila kilichopo kwenye skrini, hadi kivuli cha kucha, kimewekwa na mtu aliyeamua kukiweka. Sekunde moja ina fremu 24, hivyo filamu ya dakika 100 ina fremu 144,000 za maamuzi. Hadithi huandikwa, ikachorwa kipande kwa kipande, michoro ikaunganishwa na sauti za muda za wafanyakazi wa studio wenyewe, ikatazamwa, ikabomolewa, ikachorwa upya. Kwenye studio kubwa za Marekani mzunguko huo unaweza kurudiwa mara saba au nane, kila baada ya miezi michache. Baada ya hapo ndipo mhusika anapofinyangwa kwenye kompyuta, akawekewa mifupa ya kumwezesha kusogea, akavishwa nguo na nywele zenye hesabu zake, akahuishwa, akawekewa mwanga, na mwisho mashine zikaanza kutoa picha kamili, fremu moja ikiweza kuchukua saa nyingi. Kumbadilishia mhusika nywele wakati bado ni mchoro ni kazi ya asubuhi moja. Kumbadilishia akiwa ameshawekewa mifupa na nywele zake zimeshafundishwa kuanguka mabegani ni kazi ya wiki kadhaa kwa idara zaidi ya moja. Fremu zikishatoka, hakuna mwenye ujasiri wa kuomba. Kwa hiyo mshauri wa utamaduni anayeitwa mwishoni, hata awe profesa wa namna gani, ni mgeni wa heshima: ataulizwa juu ya matamshi na rangi ya kitambaa, basi.

Waongozaji wa Moana, Ron Clements na John Musker, walikwenda Fiji, Samoa na Tahiti mwaka 2011, miaka mitano kabla filamu haijatoka. Baadaye studio iliunda kundi la washauri lililoitwa Oceanic Story Trust, lenye wanaanthropolojia, wanaisimu, wanamaji na walimu wa ngoma kutoka visiwani. Mambo mawili waliyoyakataa yanajulikana sana. Maui alichorwa kwanza akiwa na upara. Washauri wa Tahiti wakasema haiwezekani, nguvu ya mtu kama huyo imo kwenye nywele zake, na Maui akapata kichwa kizima cha nywele. Pia palikuwa na tukio la Moana kurusha nazi chini kwa hasira. Wakalikataa, kwa sababu nazi kwa watu hao ndiyo chakula, kinywaji, kamba na mafuta. Binti wa mkuu wa kisiwa hawezi kuifanyia hivyo na bado akastahili kuongoza watu. Msomaji wa Pemba au Mafia hahitaji kufafanuliwa zaidi. Angalia jambo hili kwa karibu: yote mawili yalikataliwa wakati ni michoro. Ndiyo maana yalibadilika.

Kuna mambo mengine yaliyopita vizuri kwa sababu hiyohiyo. Moana anaponyoosha mkono mbele ya nyota na kupima kwa vidole, anafanya kitu ambacho mabaharia wa Pasifiki hukifanya kweli. Ujuzi huo ulikaribia kupotea, hadi mtumbwi Hōkūleʻa ulipotoka Hawaii kwenda Tahiti mwaka 1976 bila dira, ukiongozwa na Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal. Nyimbo zina beti za Kisamoa na Kitokelau zilizoandikwa na Opetaia Foa'i, mzaliwa wa Samoa. (Na kwa wanaopenda mambo ya bahari: mbao za pembeni za ngalawa zetu, watafiti wengi wanazihusisha na mabaharia wa ukoo huohuo wa lugha waliofika Madagaska. Filamu ya Moana si ya mbali kiasi hicho.)

Kisha ikaja Septemba 2016. Maduka ya Disney yakatoa vazi la watoto la Maui: suti ya mwili mzima, mikono mirefu na miguu mirefu, kitambaa cha kahawia chenye tatuu. Yaani mtoto anavaa ngozi ya mtu mwingine. Kelele zikapigwa visiwani kote na ndani ya siku chache kampuni ikaomba radhi na kuliondoa. Wengi waliona tukio hilo kama ushahidi kwamba baraza la washauri lilikuwa geresha tu. Mimi naliona kwa namna nyingine, na pengine mbaya zaidi: baraza lilifanya kazi pale tu mamlaka yake yalipofika, nayo yalikomea kwenye mlango wa studio. Idara ya bidhaa ilikuwa jengo jingine, na humo hapakuwa na mtu wa kusema hapana. Hali hiyohiyo ilijitokeza ndani ya hadithi yenyewe. Katika masimulizi mengi ya Polinesia Maui haendi bila Hina, mungu wa kike anayemkamilisha. Mwanaanthropolojia Mtonga Tevita O. Kaʻili alilalamika hadharani kwamba Hina hayumo, na kwamba bila yeye ule ulinganifu wa wawili unavunjika. Baraza liliweza kurudisha nywele. Uti wa mgongo wa hadithi ulibaki kwa wenye nyumba.

Mfano wa Coco, katuni ya 2017 ya Pixar, studio ya Disney, kuhusu familia ya Kimexico, unakamilisha picha, na ni mtamu kwa msomaji wa Kiswahili. Mei 2013 Disney iliomba kusajili jina la sikukuu ya Wamexico ya kuwakumbuka marehemu liwe alama yake ya biashara. Ombi liliondolewa baada ya siku chache tu za hasira. Mchoraji Lalo Alcaraz, aliyeikejeli kampuni kwa kuchora panya mkubwa wa mifupa anayekuja kuuharibu mji, baadaye aliitwa kuwa mshauri wa filamu hiyohiyo, pamoja na wengine. Moja ya mabadiliko yao lilikuwa dogo kabisa: bibi wa nyumba alikuwa akimtishia mtu kwa mwiko, washauri wakasema hapana, bibi wa Mexico anavua kandambili. Mwiko ukatoka, kandambili ikaingia, na watu wa Mexico wakacheka kwa sababu walimwona bibi yao. Bibi wa Tanga au Kisumu huenda angeshika mwiko kweli. Ndiyo maana ya undani: kitu ambacho kwa jirani ni kweli, kwako kinaweza kuwa cha kubuni tu. Filamu ilioneshwa Mexico karibu mwezi mzima kabla ya Marekani, ikavunja rekodi za mapato za nchi hiyo, na duniani ikapita dola milioni 800.

Nywele na ngozi zinastahili aya yao, kwa sababu hapa uwakilishi unaacha kuwa suala la nia na kuwa suala la hesabu. Programu za kuhuisha nywele zilijengwa kwa nywele ndefu zilizonyooka au zenye mawimbi. Kompyuta haifuatilii kila unywele. Inafuatilia nyuzi chache za kuongoza, na nyingine zinazifuata. Uzi ulionyooka unahitaji nukta chache ili ujue pa kuanguka. Uzi wa kipilipili unajizungusha mara nyingi ndani ya sentimita moja, kwa hiyo unadai nukta nyingi mno, na ukiuwekea uzito wa kawaida unanyooka kama springi iliyochoka, au misokoto inapenyana na mhusika anaonekana amevaa sufi. Mwaka 2012 Pixar ililazimika kutengeneza programu mpya kwa ajili ya nywele za binti mmoja wa Kiskoti, na hizo zilikuwa za kujiviringisha tu, wala si za kipilipili. Ilikuwa mwaka 2024 watafiti akina Theodore Kim na A.M. Darke walipochapisha njia ya kihesabu iliyolenga hasa nywele zilizosokotana sana za watu Weusi. Ngozi nayo ina historia yake. Njia maarufu ya kutia uhai kwenye ngozi ya katuni ni kuuacha mwanga uzame kidogo na kutokea tena, jambo linaloonekana sana kwenye ngozi nyeupe. Ngozi nyeusi huonekana zaidi kwa mng'ao wa juu na kwa rangi za taa za jirani, bluu ya dirisha, njano ya balbu. Mwangaziaji asiyejua huongeza taa hadi uso unakuwa wa kijivu kama majivu. Kwa filamu ya Soul ya 2020 Pixar ilimwita mpigapicha wa sinema Bradford Young kushauri juu ya taa, na mwandishi Kemp Powers, ambaye alipandishwa kuwa mwongozaji mwenza, ndiye aliyesukuma tukio la kinyozi liingie. Hata hivyo filamu hiyohiyo ilimgeuza shujaa wake Mweusi kuwa roho ya bluu kwa sehemu kubwa ya hadithi, kama Tiana wa The Princess and the Frog alivyogeuzwa chura mwaka 2009. Mwili ulipatikana kwa taabu, kisha ukafichwa.

Sasa hoja za wapinzani. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopigiwa kelele zaidi: kwamba wahusika wa asili mbalimbali huua mapato. Ushahidi unaotolewa daima ni Strange World ya Novemba 2022, filamu ya familia ya wavumbuzi yenye kijana wa asili mbili anayempenda kijana mwenzake. Ilikuwa na bajeti iliyoripotiwa kuwa kati ya dola milioni 135 na 180, ikaingiza takribani milioni 73 duniani kote. Ni anguko kubwa, hakuna ubishi. Lakini tazama iliuzwa wapi. Disney haikuipeleka kwenye masoko ya nchi za Ghuba kwa sababu ya mhusika huyo, na hilo kweli ni gharama ya uamuzi wa hadithi. Ila pia haikuipeleka kwenye sinema za Ufaransa, moja ya masoko makubwa ya Ulaya, na hapo sababu haikuhusu mhusika hata kidogo: ulikuwa mgogoro juu ya sheria za Ufaransa za muda ambao filamu inapaswa kusubiri kabla ya kwenda mtandaoni. Mwezi mmoja baada ya kuanza kuoneshwa tayari ilikuwa Disney+, na wazazi walishazoea kusubiri. Encanto ya 2021, yenye familia ya Kikolombia ya rangi zote, nayo iliondolewa sinema haraka, ikaingiza milioni 256 hivi, pungufu ya matarajio. Kisha ikalipuka nyumbani, na wimbo wake mmoja ukakaa wiki tano kileleni mwa chati ya Billboard mwaka 2022. Moana ya 2016 ilipita milioni 600, ya pili ya Novemba 2024 ilipita bilioni moja. Mtu anayechukua filamu moja iliyoanguka na kuacha nne zilizosimama anachagua ushahidi kama mchuuzi anayepanga nyanya nzuri juu ya tenga, tofauti yake huyu anapanga mbovu.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kwamba baraza la washauri ni kamati ya udhibiti, na sanaa haifanywi na kamati. Kuna ukweli humo. Ukimpa kila mshauri kalamu nyekundu, utabaki na filamu ya watu wema tu, wasio na wivu wala choyo, na mtoto atalala dakika ya kumi. Tatizo la hoja hii ni kwamba filamu hizi zimekuwa za kamati tangu zamani. Ule mzunguko wa michoro niliouelezea ni kamati: waandishi, waongozaji, wakuu wa studio, watu wa masoko, wote wakipiga kelele ndani ya chumba kimoja. Kinachobadilika ni nani ameongezewa kiti. Na kile kizuizi cha nazi kiliwalazimu waandishi watafute njia nyingine ya kuonesha hasira ya msichana aliyezuiwa kwenda baharini, ambayo ni kazi yao hasa.

Hoja iliyo ngumu kweli inatoka upande wa pili, kwa wanaharakati na wasomi wa Pasifiki wenyewe. Wanasema: mshauri anapewa ada na jina lake kwenye orodha ya mwisho, studio inabaki na haki zote, wanasesere, mabegi, meli za watalii, na sasa filamu ya pili na ya tatu. Washauri wanageuka kinga. Ukikosoa unaambiwa wazee wenu walikubali. Sioni jibu kamili kwa hili, na sidhani Moana inalo. Jibu la karibu zaidi lilikuja mwaka 2019. Baada ya filamu ya kwanza ya Frozen kulaumiwa kwa kuchukua nguo, kulungu na mtindo wa uimbaji wa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, bila kuwataja, mabunge ya Wasami ya Norway, Sweden na Finland pamoja na Baraza la Wasami yalisaini mkataba na studio ya Disney kwa ajili ya filamu ya pili. Mkataba uliwekwa wazi. Ulitambua kundi la wataalamu waliochaguliwa na Wasami wenyewe, lililoitwa Verddet. Uliahidi nafasi za mafunzo kwa vijana wao. Na uliahidi toleo la filamu kwa Kisami cha Kaskazini, ambalo lilifika sinema majira yaleyale ya baridi. Lugha hiyo ina wasemaji wapatao 20,000 hadi 25,000, watu wasiofikia hata wakazi wa kata moja kubwa ya Dar es Salaam.

Hapo ndipo Simba anapoingia. Watengenezaji wa The Lion King walitembelea Hell's Gate, karibu na Naivasha, mwaka 1991, na miamba ya pale unaiona kwenye filamu ya 1994. Majina ni yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, na fisi anayeitwa Shenzi, jina ambalo mtoto wa Kiswahili akilisema mezani anachapwa kibao. Wimbo wa alfajiri unaanza kwa Kizulu. Na filamu ilipotiwa sauti kwa lugha ya Kiafrika, ilikuwa Kizulu pia. Toleo la 2019 liliwaita fisi wengine Kamari na Azizi. Mufasa ya Desemba 2024 ina mfalme Obasi, jina la Kiigbo, malkia Eshe, jina la uswahilini, na wazazi wa Mufasa ni Masego, la Kitswana, na Afia, la Kiakani, wote mbuga moja; nchi ya ahadi inaitwa Milele; na mwana wa mfalme, kipenzi cha baba yake, anaitwa Taka. Watetezi watasema ni kutoka kitenzi kutaka. Hakuna baba anayesema Kiswahili atakayemsikia mwanawe akiitwa Taka asifikirie jalala. Jina hilo lilipita kila mkutano, kila mzunguko wa michoro, kila mjadala wa masoko, likafika skrini. Hilo ndilo ninalomaanisha ninaposema kiti hakikuwapo, au kilikuwapo bila sauti.

Kuhusu "hakuna matata", tuwe waangalifu. Disney iliomba alama hiyo ya biashara Marekani mwaka 1994 na ikasajiliwa 2003, na mwaka 2018 lilipozuka ombi la mtandaoni la kuipinga, lililotiwa saini na watu zaidi ya 100,000, wengi waliamini tumekatazwa kusema maneno yetu. Si hivyo. Usajili ule unahusu bidhaa kama fulana. Haumzuii mtu kuyasema, kuyaimba wala kuyaandika ukutani mwa hoteli Diani. Lililo baya ni jepesi na la kuudhi zaidi: msemo wa salamu za watalii ukawa falsafa ya bara zima, huku sisi wenyewe tukiendelea kusema "hamna shida". Ghadhabu ilimwagwa kwenye fulana wakati swali kubwa, kwamba filamu yenye maneno yetu haisemi lugha yetu, halikuulizwa kwa nguvu ileile.

Wengine hudai Kiswahili hakifai kutiwa kwenye midomo ya katuni za Kiingereza. Ni kweli kazi ni ngumu, lakini si kwa sababu hiyo. Mtafsiri wa sauti hutazama mambo mawili: urefu na midomo kufunga. Kiingereza huamrisha kwa silabi moja, "run". Kiswahili husema "kimbia", silabi tatu, na midomo inafunga katikati kwenye "mbi" wakati mdomo wa simba kwenye skrini uko wazi kabisa. Unaacha "kimbia", unaweka "toka" au "haya". "Hapana" ni ndefu na ina "p" inayofunga midomo; "la" inakaa, na "wee!" inakaa vizuri zaidi, ukiwa na mwigizaji anayejua kuikata. Nyimbo huhitaji mara nyingi mtu wa pili wa kuimba, mwenye sauti inayofanana na ya msemaji. Studio mama huleta muziki na sauti za mazingira zikiwa zimetenganishwa na mazungumzo, kwa hiyo hakuna haja ya kuunguruma upya. Wamaori walifanya hivyo kwa Moana mwaka 2017, na Rachel House, Temuera Morrison na Jemaine Clement wakarudia nafasi zao kwa Kimaori. Wahawaii wakafuata 2018 kupitia chuo kikuu chao, na nakala zikagawiwa mashuleni bure. Watahiti walikuwa wametangulia. Upande wetu uwezo upo: Ubongo Kids wamekuwa wakitengeneza katuni za Kiswahili Dar es Salaam tangu 2014, televisheni zimejaa tamthilia za Kituruki zinazosema Kiswahili, na kabla yao akina Lufufu na DJ Afro walisimulia filamu za nje kwa namna ambayo watu walimfuata msimulizi zaidi ya nyota.

Pagumu ni kwingine. Kiswahili kipi? Mwaka 1994 wakosoaji wa Marekani walisema fisi wamepewa sauti za watu Weusi na Walatino wa mitaa maskini huku wafalme wakiongea kama mabwana. Kosa hilo linatusubiri nyumbani. Ukimpa Rafiki Kimvita cha mashairi ni raha. Lakini fisi watapewa lafudhi ya nani? Mkono wa mtayarishaji utakwenda wenyewe kwa mlinzi wa kwenye vichekesho, kwa Mmakonde, kwa Msukuma, kwa Kiswahili cha Lubumbashi au Sheng ya Eastlands, na tutakuwa tumetengeneza kwa mikono yetu kile tulicholalamikia.

Na nani angesaini? Wasami ni wachache, ila wana mabunge yanayoweza kuitwa mezani. Kiswahili, ambacho UNESCO inakipa wasemaji zaidi ya milioni 200, kina mabaraza ya lugha, BAKITA Tanzania bara na BAKIZA Zanzibar, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar. Yote ni ya sera na usanifu wa lugha. Hakuna kati ya hayo lililoundwa likae na studio wakati filamu bado ni michoro, na orodha ya majina bado inafutika kwa kalamu. Kizazi Moto, mkusanyo wa katuni fupi kumi za Kiafrika wa mwaka 2023, ulipewa jina la Kiswahili na ulikuwa na kazi za Mkenya Ng'endo Mukii na Mganda Raymond Malinga. Wahusika wake walizungumza zaidi Kiingereza.